Seva ya Gemu Sekenke: Tunapiga Hodi, Hatupigiwi

Najua nimekuwa kimya. Mmoja wenu alifikia hatua ya kuniuliza kama nimeoa (bado, tulieni!). Ukweli ni kwamba nilikuwa likizo nyumbani, Sekenke, na tangu nirudi mjini kuna jambo linanikereketa moyoni. Leo nalitoa.

Kwa wasiopajua Sekenke: ukitoka Singida kwenda Nzega, kabla hujafika Shelui, kuna mlima ambao madereva wa malori wakiutaja hupunguza sauti. Ni kule. Wilaya ya Iramba. Wengi wenu mmepita pale usiku mkiwa mmelala kwenye basi la Mwanza, mdomo wazi. Sasa pale pale mlipolala kuna seva ya gemu. Ndiyo, seva. Inafanya kazi tangu Desemba 2023. Na kasoro yake moja kubwa ndiyo sababu ya makala haya.

Hadithi yenyewe ni hii. Dada yangu ana kijana, wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Kila nikipiga simu nyumbani ilikuwa "mjomba naomba bando". Bando la nini? La gemu. Akicheza na wenzake wanne, wote wamekaa chini ya mti mmoja, kila mmoja amenunua bando lake, ili simu zao ziwasiliane kupitia kompyuta iliyoko Ulaya! Hebu tafakari hilo kidogo. Vijana watano wanaoweza kupeana mikono wanatuma ujumbe wao baharini, ukaguse bara jingine, urudi tena chini ya mti. Na wanalipa nauli ya kwenda na kurudi.

Mimi si fundi. Ni mwandishi wa habari ambaye alipenda kompyuta tangu enzi za kulipia nusu saa kwenye kafe ya intaneti. Lakini niliona hapa pana ujinga unaotibika. Nikabeba laptopu yangu ya zamani, ile ambayo kioo chake kina mstari, ruta moja niliyokuwa nayo ndani ya kabati, na kebo ya mita kumi. Nikapanda basi.

Nilipofika baba aliniangalia nikishusha vile vyuma.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hayo ndiyo nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Si yale ya kubeti?"

Msimcheke mzee. Kwa mtu wa umri wake, akisikia kijana, simu na mchezo kwenye sentensi moja, anaona kamari. Ameona mahindi ya watu yakiuzwa ili mkeka uliwe. Nikamwapia kwamba hapa hakuna pesa inayowekwa wala kutolewa. Akasema, "Tutaona." Na kweli, kwa siku nne alikuwa akipita sebuleni kama mkaguzi.

Haya, kwa wale wanaotaka kujaribu, nilifanya hivi. Laptopu niliifuta nikaweka Linux, kwa sababu ni bure na haichoshi mashine dhaifu. Juu yake nikaweka Minetest, gemu huria ya kujenga kwa matofali, ambayo tangu 2024 inaitwa Luanti. Kwa nini hiyo? Kwanza haina malipo. Pili inakubali simu za Android, na vijana wa Sekenke wana simu, hawana kompyuta. Tatu, yeyote anaruhusiwa kuendesha seva yake bila kumwomba mtu kibali. Laptopu nikaiunganisha na ruta kwa kebo (mawimbi ya Wi-Fi waachieni wachezaji, seva ipewe waya), nikaipa anwani isiyobadilika ndani ya nyumba, 192.168.1.50. Ruta ya pili, ya kizamani, niliiweka juu karibu na dirisha ili mawimbi yafike barazani na kwenye ule mti.

Umeme? Laptopu ina betri yake, na hapo ndipo laptopu kuukuu inapoishinda kompyuta kubwa ya mezani. Ruta ilikuwa ya volti 12, tukaiwekea betri ndogo ya sola. Siku ya pili tu umeme ulikatika jioni, nyumba nzima giza, lakini chini ya mti kelele zikaendelea kama kawaida. Baba akatoka nje na tochi kuangalia. Hakusema kitu.

Jioni ile walikuwa saba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na bando.

Mpaka hapo mambo ni matamu. Sasa sikieni uchungu wake.

Mpwa wangu ana rafiki ambaye familia yake ilihamia Mwanza. Akaniomba: "Mjomba, naye aingie." Nikasema hilo dogo. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruta, nikafungua mlango namba 30000, ambao ndio gemu ile inautumia, nikauelekeza kwa 192.168.1.50. Nikaweka nywila nzito, nikazuia milango mingine yote, maana kufungua mlango wa nyumba kwa dunia nzima si mchezo. Nikampigia kijana wa Mwanza: jaribu. Hakuna kitu. Jaribu tena. Hakuna. Nilikesha mpaka saa nane usiku nikidhani nimekosea tarakimu.

Kumbe sikukosea popote. Anwani ambayo ruta yetu ilipewa na kampuni ya simu ilianza na 100. Anwani ambayo dunia ilikuwa inaiona ilikuwa nyingine kabisa. Ambao ni mafundi mmeshajua. Kwa sisi wengine ngoja nieleze kwa lugha ya posta.

Mnakumbuka S.L.P. ya shule? Wanafunzi mia kadhaa, sanduku moja. Ukiandika barua kwenda nje, ukataja jina lako, jibu litakufikia, kwa sababu karani anakumbuka nani aliandika. Lakini mtu usiyemjua akikuandikia kwanza, akaweka S.L.P. tu bila jina, karani atafanya nini? Ataitupa. Ndivyo tulivyo. Anwani za intaneti za aina ya zamani ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na ghala kuu la dunia lilimaliza akiba yake Februari 2011. Kwa hiyo kampuni zinawarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 lilitengwa rasmi fungu la anwani kwa ajili ya mrundikano huo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiona ruta yako imepewa namba za humo, ujue uko kwenye sanduku la shule.

Maana yake ni nini? Maana yake nyumba ya Sekenke inaweza kubisha hodi popote duniani. Lakini hakuna anayeweza kubisha hodi kwetu. Tunaruhusiwa kuwa wageni wa kila mtu. Hatuwezi kuwa wenyeji wa mtu yeyote.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Binti mwenye sauti nzuri sana akaniambia anwani ya pekee ni "kwa ajili ya makampuni". Nikamuuliza: na nyumbani je? Akauliza: nyumbani unataka ya nini? Nikamwambia ukweli, nina seva ya gemu Sekenke. Kimya. Halafu akaniuliza kama kuna jambo jingine angeweza kunisaidia.

Sasa hapo ndipo hoja yangu ilipo, na naomba mnifuate taratibu.

Nchi hii imefanya kazi kubwa ya teknohama, sikatai. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umepita mikoani. Kila ripoti ya TCRA ikitoka tunahesabu laini za intaneti, zinapanda, tunapiga makofi. Lakini tunahesabu nini hasa? Tunahesabu midomo. Hatuhesabu majiko. Hakuna safu kwenye jedwali inayosema: ni nyumba ngapi, shule ngapi, vijana wangapi wanaweza kuweka kitu mtandaoni kutoka pale walipo, na mtu mwingine akakifikia bila kupitia nchi ya watu?

Kuna atakayesema: kwani kuna ubaya gani, si wakodi seva Johannesburg au Ujerumani? Ni kweli inawezekana. Unakodi kompyuta ndogo huko, unachimba handaki kutoka Sekenke hadi huko, wageni wanapitia huko. Lakini angalia masharti. Unahitaji kadi inayolipa dola kila mwezi, na kijana wa kidato cha tatu hana. Handaki lenyewe ni VPN, na Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao. Halafu kuna umbali. Mwanga ndani ya kebo unakwenda kama kilometa 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilometa 10,000 mpaka Ulaya ni milisekunde 50 kwenda, 50 kurudi, kabla ya foleni yoyote njiani. Yaani kijana wa Mwanza na kijana wa Sekenke, ndani ya nchi moja, wanacheza kwa kuchelewa kana kwamba kila mmoja anaishi bara lake. Hapo hata fundi mwenye akili kama nini hawezi kufanya lolote, ni kanuni ya maumbile.

Mwingine atasema tatizo ni kasi ndogo ya mikoani. Hapana. Tukipiga hesabu kwa wachezaji wanane, kila mmoja kilobiti 50 kwa sekunde, jumla ni kilobiti 400. Hiyo ni kama megabaiti 180 kwa saa. Mtu mmoja anayeangalia video safi anakula zaidi ya hapo. Kasi tunayo. Tulichonyimwa ni mlango.

Na wa tatu (namsikia huyo, yuko nyuma kabisa) atasema: ndugu mwandishi, nchi ina matatizo ya maji na zahanati, wewe unalilia gemu?

Ndugu yangu, silii gemu. Wiki moja baada ya kuwasha ile seva nilipakua Wikipedia ya Kiswahili yote kwa kutumia programu ya Kiwix, nikaiweka kwenye laptopu ile ile. Sikumtangazia mtu, nilibandika karatasi ukutani yenye anwani tu. Siku ya tatu nikamkuta binti wa jirani, ambaye gemu hata haitaki, amekaa kwenye ngazi na simu ya mama yake anasoma kuhusu moyo wa binadamu. Bando: sifuri. Mpwa wangu naye akajifunza kuwasha upya seva kwa amri za maandishi, kisha kutunza nakala ya ulimwengu wao kila Jumapili, kisha kumfungia mtu anayebomoa nyumba za wenzake. Kesi hiyo waliikaa kikao cha dakika arobaini chini ya mti! Wana sheria zao, zimeandikwa kwenye daftari. Sijui somo gani la darasani lingewafundisha hayo yote kwa likizo moja.

Halafu ikaja Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12, kebo za EASSy na SEACOM zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mnakumbuka. Mimi nilikuwa Dar, chumba cha habari kimegeuka msiba, kila mtu anashika simu anaiangalia kama mgonjwa. Hata Ubalozi wa Marekani ulifunga huduma siku mbili. Nikampigia mpwa wangu jioni kumpa pole.

"Pole ya nini, mjomba?"

"Mtandao si umekatika?"

Nikasikia kelele nyuma yake, watu wanacheka. "Kwani umekatika? Sisi tunacheza."

Nilikaa kimya kwenye simu kwa muda. Jiji zima lenye minara na ofisi za vioo lilikuwa limezima, na mti mmoja Sekenke uko hewani. Tangu siku ile nimekataa kukubali kwamba seva ya nyumbani ni mchezo wa watoto.

Baba ndiye aliyenipa neno la kufungia jambo hili. Safari hii nilipokwenda, nilijaribu tena ule mlango namba 30000. Karibu miaka mingapi imepita, na bado sanduku ni la shule. Nikamlalamikia mzee barazani, nikijua haelewi habari za anwani. Alinisikiliza, akaonyesha kwa kidole kuelekea kwenye mashimo ya zamani.

"Hapa dhahabu ilitoka, ikaenda. Sisi ndio tulioshika majembe. Sasa na hiki chako nacho kinatoka tu, hakiingii?"

Wasiojua historia ya kwetu: Wajerumani walichimba dhahabu Sekenke kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Vita ilipowabana, dhahabu hiyo ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli, zikagongwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaiteka Tabora. Leo sarafu zile wanazigombea wakusanyaji wa Ulaya kwenye minada. Sekenke ina wachimbaji wadogo wanaoendelea kuhangaika na miamba, na ina mashimo. Mzee hajui anwani ya intaneti ni nini, lakini muundo wa biashara aliutambua kwa sentensi moja.

Basi nasema hivi, na nasema wazi.

Kampuni za simu: mteja wa nyumbani akiomba anwani inayofikika, mpeni, kwa bei ya nyumbani na si ya benki. Na kama mnasema anwani za zamani zimekwisha, ni kweli zimekwisha, basi washeni zile mpya, IPv6, ambazo hazitakwisha hata tukimpa kila mbuzi wa Iramba ya kwake. Msituambie ni teknolojia ya kesho. Kiwango chake kipo tangu miaka ya 1990. Na msidhani setilaiti itatuokoa kwa hili: hata Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, kwa anwani za zamani wateja wake wa kawaida wa nyumbani nao wanakaa kwenye sanduku la pamoja.

Wakubwa wa sera: mkifungua mnara kijijini msiulize tu wangapi wataweza kuperuzi. Ulizeni shule ya pale inaweza kuweka matokeo yake, maktaba yake, redio yake, kwenye kompyuta yake yenyewe, na mzazi aliyeko Mbeya akaiona. Kama haiwezi, basi mmejenga duka tu. Duka si baya, lakini msiliite barabara.

Na wewe kijana mwenzangu unayesoma hapa, mwenye laptopu mbovu chini ya kitanda: usisubiri wote hao. Seva ya ndani ya nyumba haihitaji ruhusa ya mtu wala bando. Ruta moja, kebo moja, mchana mmoja. Anza na gemu, usione aibu, gemu ndiyo itakayowaleta. Vitabu waviweke pembeni, watavikuta wenyewe. Kisha siku moja jaribu kumkaribisha mtu wa nje, uone kama hodi yake inafika. Ikishindikana piga simu, uliza kwa nini. Tukiuliza watu kumi ni wendawazimu kumi. Tukiuliza elfu kumi ni soko, na soko kampuni inalisikiliza.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha nne. Kijana wa Mwanza bado hajaingia ulimwenguni mwao. Wamemjengea nyumba kule ndani, ya matofali, ina jina lake mlangoni na taa ambayo haizimwi. Nimeiona kwa macho yangu. Iko wazi, haina mtu, inasubiri hodi.

Nawakilisha.